Boila la Bi Sekela Halijazinduliwa

Hapo zamani, wala si zamani sana maana wino wa mihuri haujakauka, palikuwa na nchi isiyo na jina. Si kwamba wananchi wake walikosa ubunifu. Jina lilikwisha pendekezwa, tena zuri, lakini Kamati ya Jina ilikuwa bado inakaa, na kamati iliyokaa mahali penye chai na vitafunwa hainyanyuki hovyo. Kwa hiyo wenyewe walisema "kwetu", jirani zao wakasema "kwao", na maisha yakaenda.

Huko kwao palikuwa na mila moja iliyoshinda mila zote: kitu hakipo mpaka Mgeni Rasmi akizindue. Unaweza kukiona, ukakishika, hata kikakuangukia ukavunjika mguu. Kama hakijakatiwa utepe, hakipo, na mguu wako umevunjika wenyewe. Kulikuwa na daraja moja ambalo watu walilivuka tangu enzi za babu zao. Mgeni Rasmi wake alipata udhuru, na udhuru ukamzidi umri. Basi kumbukumbu za serikali zilionyesha kwamba wote waliofika ng'ambo walifika kwa kuogelea, na kila mwaka nchi hiyo ilijisifu kuwa na waogeleaji wengi kuliko jirani zake, wakiwemo bibi harusi na watu waliobeba magodoro.

Sasa, katika nchi hiyo, kule nyanda za juu ambako asubuhi mdomo hutoa moshi bila sigara, aliishi mama mmoja mjane aitwaye Bi Sekela. Alikuwa ameuza mitumba sokoni miaka mingi, na mtu aliyeuza mitumba hashangazwi na kitu: amekwisha mwona mwenye suti akigombania soksi moja. Kitu pekee kilichomshinda Bi Sekela ni magoti yake. Baridi ilikuwa imeyaingia ikapanga humo humo, na wala haikuonyesha dalili ya kuhama.

Kwa hiyo aliamua kuhama yeye. Dada yake, Tumpe, aliishi Bondeni, ambako jua halibanii mtu. Walikuwa wamebaki wawili tu wa tumbo la mama yao, na Tumpe macho yalikuwa yanafifia; chai alikuwa akiimimina kwa kusikiliza. Kando ya nyumba yake palikuwa na kijumba kinauzwa. Mwenye kijumba alikubali kumshikia Bi Sekela mpaka mvua zianze. Zikianza, barabara ya Bondeni hugeuka uji, na kijumba kingekwenda kwa bwana mmoja aliyetaka kufungua baa.

"We Sekela!" Tumpe alipiga kelele kwenye simu, maana aliamini Bondeni ni mbali na sauti lazima isukumwe. "Mtu wa baa kaja leo kupima ukuta. Anataka kuweka spika zinatazama dirisha langu!"

"Dada, nyumba imepata mteja. Nakuja."

"Ulisema hivyo hivyo mwezi uliopita. Nitakufa huku nikicheza muziki nisioupenda!"

Mteja alikuwa kweli kapatikana. Aliitwa Bwana Sichone, mfanyabiashara wa viazi, mtu mwema mwenye sauti ya kuomba radhi. Alitaka nyumba kwa sababu moja tu: mkewe, Nambeye, alikuwa amekwenda kwao kusalimia na kugoma kurudi mpaka apate nyumba yenye maji ya moto. Na nyumba ya Bi Sekela ilikuwa nayo. Nyuma ya jiko palikuwa na boila la chuma la kuni, na bafuni palikuwa na hodhi la saruji ambalo marehemu mumewe, Mzee Ambakisye, alilijenga kwa kipimo chake mwenyewe. Alikuwa mtu wa mwili. Mafundi waliposema hodhi hilo linamtosha ng'ombe, aliwajibu kwamba wamepunguza heshima lakini vipimo wamepatia.

*

Ofisi ya Uhamisho wa Nyumba ilikuwa na meza, kiti, na koti. Kiti kilikuwa kimevishwa koti, na hilo, kwa utaratibu wa huko, lilimaanisha kwamba mhusika yupo ila ametoka kidogo. Bi Sekela alisubiri akilitazama. Jirani yake kwenye benchi la mlangoni alimnong'oneza kwamba koti hilo lina historia: limepandishwa cheo mara mbili kwa kutokosekana kazini, ilhali mwenyewe bado yupo daraja la chini.

Mwenye koti alirudi saa ya kufunga ikikaribia, akijipangusa mafuta mdomoni. Aliitwa Bwana Mwasulama, Afisa Uhamisho, kijana mwenye tai ndefu na subira fupi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeleta karatasi za nyumba."

Alizipekua. Hati ya kiwanja, sawa. Ramani, sawa. Mkataba wa mauzo, sawa, mpaka alipofika mahali palipoandikwa "na maji ya moto". Hapo kalamu ilisimama.

"Maji ya moto yanatoka wapi?"

"Kwenye boila."

"Boila gani?"

"La nyuma ya jiko, baba."

"Cheti chake cha uwekaji kiko wapi?"

Bi Sekela alieleza kwamba cheti hakipo, lakini boila lipo. Bwana Mwasulama alicheka kwa huruma, kama daktari anayemsikiliza mgonjwa akijitibu.

"Mama, umelipindua jambo. Kama cheti hakipo, lisilokuwepo ni boila. Nani alilizindua?"

"Mume wangu aliliwasha kwa kiberiti."

"Kwa cheo gani?"

"Cheo cha mume."

"Palikuwa na utepe?"

"Palikuwa na taulo."

Afisa aliandika kitu, akapiga mstari chini yake. Kisha akaeleza sheria polepole, maana ilikuwa tamu na hakutaka iishe. Nyumba ya nyanda za juu haiuzwi bila boila, kwa kulinda afya ya mnunuzi. Boila halitambuliki bila cheti, na cheti hutolewa siku ya uzinduzi.

"Basi niling'oe, niweke jipya ulizindue."

"Hapana. Kung'oa kunahitaji kibali, na kibali hutolewa kwa mwenye cheti. Utang'oaje kitu ambacho hakipo? Huo utakuwa uharibifu."

"Wa nini, kama hakipo?"

"Ndiyo maana adhabu yake ni kubwa," akasema Bwana Mwasulama. "Ni kosa gumu sana kulithibitisha."

*

Hata hivyo alikuwa mtumishi mwadilifu, akaja kukagua. Aliingia bafuni na kiboksi cha vifaa ambacho ndani yake mlikuwa na kifaa kimoja, nacho kilikuwa muhuri. Boila lilikuwa linanguruma nyuma ya ukuta kama mjomba aliyelala baada ya pilau.

"Nini hicho kinanguruma?"

"Unajua nikikwambia utaniuliza ni boila gani."

"Kweli," akakubali, na akafungua bomba. Maji yakatoka na mvuke wake. Akaweka kidole.

Uso wa Bwana Mwasulama ulipita rangi ambazo mamlaka ya hali ya hewa haijazipa majina. Lakini hakukitoa kidole. Kukitoa kungekuwa ni kukiri, na afisa hakiri mbele ya mwananchi.

"Maji," akasema kwa sauti iliyokuwa imepanda ngazi kadhaa, "ni ya baridi."

"Baba, unaungua."

"Siungui. Nasikia... kabaridi fulani."

"Kidole kinavimba!"

"Ni ganzi ya baridi, mama. Inajulikana."

Akaandika taarifa kwa mkono mwingine: maji yamepimwa na afisa mwenyewe yakaonekana kuwa ya baridi, sawasawa na kumbukumbu. Akapiga muhuri. Bi Sekela alimpaka kidole asali, akamfunga kitambaa cha kanga, na afisa akamshukuru kwa kumsitiri na baridi.

Mlangoni aligeuka. Alikuwa na moyo, kijana huyo. Tatizo ni kwamba ulikuwa haujazinduliwa.

"Mama, njia ipo moja. Tuite Mgeni Rasmi."

*

Kamati ya Uzinduzi iliundwa siku hiyo hiyo. Bwana Mwasulama alikuwa mwenyekiti, mwenyekiti alimteua Bwana Mwasulama kuwa katibu, na siku ambazo wote wawili walikuwa nje kikazi, kikao kiliongozwa na koti. Azimio la kwanza lilikuwa boila lizimwe. Mgeni Rasmi hawezi kuwasha kitu kinachowaka.

Bi Sekela alizima moto wa boila kwa mara ya kwanza tangu mumewe afariki. Nyumba ikanyamaza. Asubuhi ya pili magoti yalimwamsha kabla ya jogoo, akakaa ukingoni mwa hodhi na kopo la maji ya baridi, akacheka peke yake ili asilie. "Ambakisye," akasema, "ulilizindua kwa taulo tu. Kwa nini hukukata utepe, baba wee?"

Juu ya vilima mawingu yalianza kukusanyika, nayo, tofauti na watu, hayakusubiri kibali.

Siku ilipofika, uwanja wa nyumba ulijaa. Palikuwa na hema, viti vya plastiki, kwaya ya akina mama, na utepe mwekundu uliofungwa kwenye boila kama zawadi kwa mtu mnene. Mgeni Rasmi alikuwa awe Naibu Waziri wa Joto, Mvuke na Mambo Yatokanayo. Ila alipata udhuru, akamtuma Katibu. Katibu alipata udhuru, akamtuma Mkurugenzi. Udhuru uliendelea kushuka ngazi, ukawapata wote mmoja baada ya mwingine kama surua, hadi gari jeusi lilipofika na kumshusha kijana wa itifaki, ambaye kazi yake halisi ilikuwa kufungua milango ya magari. Kwa kuwa hakuwa na wa kumtuma, alikuja mwenyewe.

Sasa siku hiyo kulikuwa na uzinduzi mwingine kule Mbugani: josho jipya la kuogeshea ng'ombe. Magari mawili ya serikali yalisimama mahali pamoja njiani kula nyama choma, maana uzinduzi huchosha. Bahasha mbili za hotuba ziliwekwa mezani kati ya chumvi na pilipili. Na bahasha za serikali zote ni za kahawia.

Kijana wa itifaki alipanda jukwaani, akafungua bahasha, akakohoa.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa! Leo ni siku kubwa kwa mifugo yetu!"

Makofi. Bi Sekela, aliyekaa mbele kwa heshima ya mwenye shughuli, alimgeukia Bwana Sichone. "Kasema mifugo?"

"Labda ni mafumbo, mama," akanong'ona Sichone. "Viongozi husema kwa mafumbo."

"Serikali imesikia kilio cha ng'ombe! Kuanzia leo, mahali hapa hapatasalia kupe hata mmoja! Hata yule mdogo! Hata yule anayejificha nyuma ya sikio!"

Kwaya ikapiga vigelegele. Bwana Mwasulama alikuwa ameanza kutoka jasho, lakini alipiga makofi, kwa kiganja kimoja na kanga.

"Mama mwenye josho hili asimame tumwone!"

Bi Sekela alitazama kulia, akatazama kushoto. Hakukuwa na mama mwingine mwenye josho. Akasimama, magoti yakipiga kelele, akapunga mkono.

"Sasa, kwa mamlaka niliyopewa na aliyepewa na aliyepewa, natamka rasmi kwamba josho hili limezinduliwa!"

Akakata utepe. Akala kuku. Akaondoka.

Na kule Mbugani, saa ile ile, wafugaji waliambiwa kwamba mvuke sasa umefika jikoni kwao, na wasiwaache watoto kushika mabomba. Nao wakapiga makofi. Makofi ya nchi hiyo hayakuwa na ubaguzi.

*

"Hongera mama," alisema Bwana Mwasulama ofisini, akimkabidhi cheti chenye nembo ya dhahabu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa rambirambi. "Una josho."

"Na boila?"

"Boila gani?"

"Mwanangu, wewe ulikuwepo. Walibadilisha bahasha!"

"Neno la Mgeni Rasmi halibadilishwi. Lilizinduliwa josho, ni josho. Cheti cha boila kimetoka, lakini ni cha Mbugani. Wao ndio wana boila."

"Wale wana shimo la saruji na dawa ya kupe!"

"Ndilo boila," akasema afisa, akashusha macho kwa aibu, maana alikuwa na mama yake nyumbani.

Nje radi ilinguruma, ya kwanza mwaka huo. Simu ya Bi Sekela ikalia. Aliipokea, na kabla hajasema kitu ofisi nzima ilisikia: "Sekela! Wameleta spika! Wameziegemeza kwenye mpapai wangu!" Akaikata taratibu. Akakaa akikitazama kile cheti. Alikigeuza, akakigeuza tena kama alivyokuwa akigeuza koti la mtumba kutafuta tundu. Kwa uzoefu wake, hakuna nguo isiyo na tundu.

Kisha akaanza kutabasamu.

"Baba, nikuulize. Josho likiuzwa pamoja na nyumba iliyolizunguka, linadaiwa cheti cha boila?"

Bwana Mwasulama alifungua kitabu cha sheria. "Josho lina maji ya baridi. Boila la nini?"

"Kwa hiyo linauzika."

"Linauzika..." Alisoma zaidi, midomo ikicheza. "Ili mradi mnunuzi awe na ng'ombe, na ng'ombe huyo aingie joshoni mbele ya afisa, katika maji ya baridi, na atoke mzima."

"Na taarifa ya maji ulikwisha iandika."

Afisa alikitazama kidole chake. Kwa mara ya kwanza tangu kiungue, kidole kile kilionekana kuwa na manufaa kwa taifa.

*

"Mimi nauza viazi, mama," alilalamika Bwana Sichone.

"Viazi havina kupe. Tafuta ng'ombe."

Ng'ombe pekee ambaye Bwana Sichone aliwahi kumiliki ni yule aliyempeleka ukweni kama mahari. Alikwenda kumwazima. Lakini ng'ombe wa mahari akionekana anarudi alikotoka, majirani husema ndoa imevunjika. Basi shangazi wa Nambeye alifuata nyuma ya ng'ombe njia nzima, akitangaza kila penye watu: "Ameazimwa tu! Ndoa ipo! Anakwenda kuoga, atarudi!" Na nyuma ya shangazi alikuja Nambeye mwenyewe, na masharti yake mawili: yaani maji, na moto.

Hapo ndipo ugumu ulipokaa. Maji yalitakiwa yawe ya baridi kwa afisa na ya moto kwa Nambeye. Bi Sekela hakubabaika. Aliwasha boila alfajiri, likanguruma tena, akalijaza hodhi, ambalo sasa ndilo josho, mpaka mvuke ukapanda madirishani.

Nambeye alichovya kiwiko, akafumba macho. "Nahamia," akasema.

Bwana Mwasulama akaingia, akasimama katikati ya mvuke asijione hata tai. "Hii nini?"

"Ukungu," akasema Bi Sekela. "Pima maji, baba."

Afisa akaficha mkono mgongoni. "Nilishapima."

Ng'ombe aliingizwa. Aliweka kwato moja, akatafakari. Akaweka ya pili. Asubuhi ile ya baridi kali, maji yale yalimpanda mpaka tumboni, na ng'ombe akashusha pumzi ndefu, akalegeza masikio, akafumba macho kama mheshimiwa anayesikiliza bajeti. Wote wakacheka kwa furaha.

"Sasa atoke," alisema afisa.

Ng'ombe hakutoka. Walimvuta kamba, hakutoka. Sichone alisukuma kwa nyuma akimwomba radhi, hakutoka. Shangazi alimkumbusha kwamba yeye ni mahari na anatakiwa kurudi, akamtazama tu kwa jicho moja, akalifumba.

Nje matone ya kwanza yakagonga bati. Bi Sekela aliyasikia moja moja. Kila tone lilikuwa gurudumu moja la lori linalozama kwenye tope la Bondeni.

"Asipotoka, josho halijapita," alisema Bwana Mwasulama, na kusema kweli alikaribia kulia. "Sheria inasema aingie na atoke."

Bi Sekela alichechemea hadi ukutani, akashika bomba la pili, lililo juu ya hodhi. "Nambeye, sogea mwanangu. Namfungulia maji ya baridi."

Afisa aligeuka polepole. "Ya baridi? Kwani haya ni ya nini?"

Sichone alifumba macho. Shangazi alishika kifua.

"Ya baridi," akasema Bi Sekela bila kupepesa. "Yale ni ya baridi zaidi. Mwanangu, baridi nayo ina vyeo kama serikali."

Hoja hiyo Bwana Mwasulama aliielewa mara moja. Bi Sekela alifungulia. Maji ya nyanda za juu yakampiga ng'ombe mgongoni, naye, kwa kuwa hakuwahi kuajiriwa, hakuona sababu ya kujikaza. Aliruka nje kwa mruko mmoja, akapita jikoni, akapita sebuleni akatoka na pazia kwenye pembe, akatokea uani mzima wa afya, shangazi nyuma yake: "Ameazimwa tu jamani! Ndoa ipo!"

Muhuri uligongwa palepale, karatasi zikiwa juu ya mgongo wa Bwana Sichone.

*

Lori lilipakiwa mvua ikiwa bado inajishauri. Dereva alikuwa amewasha injini, na Bi Sekela ameketi mbele, magoti kayafunika blanketi, Tumpe akimwimbia kwenye simu wimbo wa utotoni kwa sauti ya kusukuma milima. Ndipo Bwana Mwasulama akatokea anakimbia, bila koti, maana koti lilikuwa kazini. Akapanda kwenye kipandio cha lori, akatazama nyuma kama kuna anayemwona.

"Mama," akanong'ona. "Samahani. Nyumbani kwangu mke wangu anaoga kwa kopo. Na mama yangu ana magoti, kama wewe. Nilikuwa nauliza... lile boila. Fundi wake alikuwa nani?"

Bi Sekela alimtazama. Alikitazama kidole, bado kimefungwa kanga yake. Akamshika bega kwa upendo wa mzazi.

"Boila gani, mwanangu?" akasema, na lori likaondoka.